Fundi Kesho na dohani iliyozibwa saruji

Saa moja na robo asubuhi, Fundi Kesho yuko juu ya paa na tayari amekasirika. Amepiga magoti kwenye ubao uliofungwa kwa kamba kando ya dohani ya kutolea moshi wa sebuleni, tindo mkono wa kushoto, nyundo mkono wa kulia, na anagombana na mtu ambaye hayupo.

"Hebu angalia! Angalia huyu mtu alichofanya!" anafoka, akibandua ukanda wa saruji mrefu kama kidole. Saruji inatoka, lakini inatoka na uso wa tofali. "Sasa hapa nimetengeneza au nimebomoa? Niambie wewe uliyesoma."

Aliyesoma ni mimi, mwandishi niliyekuja kuitazama kazi yake; niko kwenye ngazi, nimeikumbatia kwa mikono miwili.

Fundi Kesho ana miaka hamsini na tisa, na thelathini na nne kati ya hiyo ameimalizia juu ya mapaa. Ameanguka mara mbili, amevunjika mbavu tatu, na goti lake la kulia linalia kila anaposhuka ngazi. Jina lake la utani alipewa na majirani, kwa sababu ukimuuliza kazi itaisha lini, jibu ni hilo moja.

"Si uvivu," anajitetea. "Ni chokaa. Ukiipaka nene inapasuka. Unapaka kidogo, unafunika na magunia mabichi, unasubiri. Kesho unapaka tena. Watu wanataka kazi ya leo leo, na chokaa ukiiharakisha inakususia."

Dohani yenyewe ni ya matofali ya kuchoma, imepanda mita mbili juu ya paa, na ni kongwe kuliko mwenye nyumba, muuguzi mstaafu mwenye miaka sabini na mmoja. Ukiitazama kutoka barabarani unaona imeinama kidogo, kama mtu anayechungulia kwa jirani. Ukiifikia karibu unaona mengine. Viungo vya saruji vimesimama imara, lakini matofali katikati yake yameliwa, na ukigusa, unga mwekundu unabaki kidoleni.

"Tofali la zamani ni laini, linanyonya mvua," anaeleza. "Zamani maji yalikuwa yanatokea kwenye chokaa, taratibu, bila ugomvi. Akaja huyu bingwa akaziba kila mahali kwa saruji. Maji yatokee wapi? Yanabaki ndani ya tofali, jua likipiga uso unabanduka. Yeye akaondoka zake anapiga mluzi!"

Amehesabu matofali arobaini na moja yaliyokufa. Mengine ya kuziba nafasi hizo ameyaokota kwenye kuta zilizobomolewa, akiyagonga moja moja kwa kifundo cha kidole na kuchukua yale yanayolia vizuri tu.

"Fundi! Bado?" sauti inapanda kutoka uani.

"Bado, mama!"

"Bado nini?"

"Bado nasafisha uchafu wa huyu mpumbavu!"

Muuguzi ana sababu ya kuuliza. Mwezi uliopita tofali liling'oka, likatoboa bati la jiko na kutua ndani ya karai la nguo alizokuwa ameloweka. Mwanawe, anayefanya kazi mji mwingine, aliposikia hakutaka mjadala. Ametafuta watu wa kuibomoa Jumamosi, shimo lizibwe kwa bati, na mama anunuliwe hita. Mama alimwomba ampe fundi nafasi mpaka Ijumaa. Leo ni Jumatano, na upande mmoja kati ya pande nne ndio uliokamilika.

"Hita ninayo tayari, ipo chini ya kitanda," anasema muuguzi, akinionyesha sebule iliyotandikwa magazeti ya kukingia vumbi. "Inapasha miguu tu. Mimi nikikaa peke yangu jioni nataka moto wa kuchokonoa. Lakini tofali likimwangukia mtoto wa jirani nitasema nini?"

Saa nne fundi anashuka kunywa chai. Anaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, na hapo ndipo ninapomuuliza kama anamjua huyo aliyepaka saruji.

Anakiweka kikombe chini. Kisha ananyoosha mkono wa kulia. Dole gumba lake limekatika ncha, kazi ya msumeno alipokuwa na miaka kumi na tisa.

"Nikimaliza kiungo cha mwisho nakibonyeza na hili, nijue kimekaza. Ni mazoea, siwezi kuyaacha," anasema. "Nenda kaangalie nyuma ya dohani, upande usioonekana. Kuna alama kwenye saruji. Ya dole fupi."

Ilikuwa miaka ishirini na sita iliyopita, nyumba ikiwa ya mtu mwingine. Yeye na mafundi wenzake walishushwa na lori, wakaziba viungo vya dohani kumi na mbili kwa saruji ndani ya mwezi mmoja. Fundi mzee waliyekuwa naye alitaka chokaa. "Nikamcheka. Nikamwambia amepitwa na wakati."

Aliiona alama hiyo Jumatatu, siku ya kwanza. Basi kwa nini anaendelea kumtukana mtu huyo?

"Kwani hastahili?" ananijibu kwa ukali.

Muuguzi ametoka na birika, na amesikia. Analiweka chini.

"Siku tatu unanijaza hasira na huyo mtu," anasema polepole. "Jana nimemlaani mbele ya jirani. Kumbe ndiye ninayempikia chai?"

"Ndiye, mama."

"Ungenyamaza ningejuaje?"

"Usingejua."

"Basi umesema kwa nini?"

Fundi Kesho anakitazama kikombe chake. "Kwa sababu Ijumaa haitoshi, mama. Nahitaji siku tisa. Na zaidi ya kwamba uharibifu huu ni wangu, sikuwa na sababu nyingine ya kukuomba."

Mama analiinua birika. Anaingia ndani, na kupitia dirisha la jiko tunamsikia kwenye simu. "Jumamosi wasije... Sijachanganyikiwa, mwanangu. Nimempata aliyeiharibu. Hashuki huko juu mpaka aitengeneze."

Fundi anafuta uso kwa mkono wenye chokaa na kujichafua zaidi. Macho yake yana maji, na anasingizia vumbi.

Kati ya zile kumi na mbili, saba zimebomolewa. Zimebaki tano, pamoja na hii, na mpango wake ni kuzimaliza zote kabla goti halijamstaafisha kwa nguvu. Inayofuata anaijua vizuri: juu ya paa hilo ndipo alipomwona mara ya kwanza mke wake, akianika nguo uani. Nyumba ni ya mama mkwe, ambaye miaka yote hii analaumu kunguru kwa matofali yanayomwangukia.

Naye ataambiwa ukweli?

"Ataambiwa," anasema Fundi Kesho, akiinuka na goti likilia. "Lakini kwanza nipande juu, halafu ngazi niivute."