Katoni Chini ya Kuku

Leo nimepita kando ya karakana moja hapa Kitale wakipasua mvule, na ile harufu yake inayowasha pua imenirudisha utotoni.

Baba yangu alikuwa fundi wa milango na vitanda huko Bokoli. Mzee mmoja alikuwa anafufua mashua ya kale iliyolala miaka mingi katika ghala lake la mahindi, akamwomba baba aichongee ukingo mpya. Mashua haina mahali paliponyooka, kwa hivyo baba alifuatisha umbo lake kwa kalamu kwenye katoni, akaikata, akaja nayo nyumbani, akaiegemeza ukutani.

Mimi ndiye niliyeitandika chini ya kuku aliyekuwa ameatamia. Nilipokuja kujua ni katoni gani, ilikuwa vipande. Nikakata nyingine kwa kukumbuka tu, nikaiegemeza palepale ukutani.

Asubuhi baba akailaza juu ya mvule. "Mbao ni hii moja tu," alimwambia mama. "Nikikosea, tumeisha bana."

Akaniita nishike upande wa pili. Vumbi la msumeno likanijaa mdomoni, na neno nililotaka kusema likabaki humo humo.

Jioni pikapu ya yule mzee ikauchukua ukingo.

"Sasa tutajuaje kama umeingia?" mama akauliza.

"Wakinyamaza, umeingia."

Hakuna aliyerudi. Lakini mpaka leo, gari likipunguza mwendo langoni kwangu, mimi huweka chini chochote nilichoshika, nikasikiliza.