Dawa ya Kugandisha

Nikinusa ukwaju, nashika hili goti lisilokunjika na kumkumbuka yule mpumbavu wa Morogoro mjini. Enzi zile za ruksa, kila mwenye tai alifungua duka la dawa.

Damu ilikuwa imevujia gotini, ndio ugonjwa wangu, damu isiyoganda, na mama alinibeba kutoka Matombo hadi dukani kwake. Jamaa akafungua friza, akachomoa chupa mbili katikati ya barafu za ukwaju. Dawa ya kugandisha damu, eti, kwa hiyo naye kaigandisha, wakati ilitaka ubaridi tu, ikiganda inaharibika!

“Ipi bora, kaka?” mama akauliza.

“Ya Ulaya, mama. Tazama, imeganda kuliko ya India.”

Zote zilikuwa zimepasuka. Mama akanunua barafu ya ukwaju, akanifungia gotini. Ndiyo dawa pekee iliyokuwemo kwenye friza ile.