Dereva na Utingo

Kigemu chetu, kile cha kushika mkononi, kilikuwa cha mtumba, kama suruali zangu na pazia la sebuleni. Baba alikinunua sokoni Majengo kwa mfanyabiashara mmoja aliyeleta vitu kutoka Dubai, miaka ile ambapo bidhaa zilizokuwa adimu zilianza kumwagwa barabarani juu ya turubai. Kaseti ilikuwa moja tu, imenasa ndani, haitoki. Kwa hiyo tulikuwa na mchezo mmoja: ndege ndogo inakwenda angani, kulia, kulia daima, na maadui wanatokea upande wa pili wakirusha risasi ndogo kama punje za uwele.

Nilikuwa binti wa miaka kumi na mmoja, tunakaa Mkonze, na Baba alikuwa dereva wa ofisi moja ya serikali mjini. Zamani aliendesha malori, na mambo ya malori hayakumtoka. Ndiyo maana alitunga sheria yake: anayeshika kigemu ni dereva, anayekaa pembeni ni utingo, na kazi ya utingo ni kutazama mbele na kusema kinachokuja. "Juu." "Chini." "Wawili, kwa chini." Kioo hakikuwa na taa, hivyo tulicheza alasiri, jua likiwa bado kali, tumekaa bega kwa bega kwenye ngazi ya uani. Mara nyingi mimi ndiye niliyekuwa utingo, jambo lililoniudhi, maana nilicheza vizuri kumzidi. Lakini Baba akiwa utingo alikuwa hovyo kabisa. Alinyamaza tu, na mimi nikafa. Nilipomlalamikia alicheka, akasema utingo huzaliwa, hafundishwi.

Sasa niseme habari ya macho. Bibi yangu, mama yake Baba, aliishi Hombolo na alikuwa haoni. Alianza na vikope: kope zinageukia ndani na kulikwangua jicho kila anapopepesa. Likizo zote kazi yangu ilikuwa kumng'oa kope hizo kwa kibanio, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu, kwa sababu nuru ilikwisha lakini maumivu yalibaki. Alinieleza ilivyoanza, bila kunionea huruma hata kidogo. "Kwanza uzi utakataa kuingia kwenye sindano," alisema. "Vitu vidogo ndivyo vinavyoondoka mwanzo." Dada yake naye alipofuka. Mimi nikaamini kwamba kwetu upofu unakuja kwa zamu.

Basi risasi zilipoanza kufifia kwenye kioo, nilijua zamu yangu imefika. Ilikuwa kiangazi na upepo ulirusha vumbi mchana kutwa. Nilifikicha macho mpaka yakawa mekundu, kisha huo wekundu wenyewe ukanithibitishia ugonjwa. Nilinawa kwa maji ya chumvi. Nilimwomba jirani aliyekuwa ananyonyesha anitilie maziwa machoni, nikamdanganya kwamba nimeingiwa na mchanga. Mama aliponiita nimtungie uzi kwenye sindano, nilikimbilia chooni na kukaa humo hadi akachoka kuniita. Sikutaka kujua. Ubaoni shuleni nilisoma vizuri, lakini hilo halikunifariji, kwani ubao si kitu kidogo. Nilijua kuna shule ya watoto wasioona kule Buigiri, na kila nilipoliona sanduku langu la bati nililiona likipakiwa kwenda huko.

Kilichonimaliza kabisa ni Baba mwenyewe. Siku moja nilimuuliza, nikijifanya sijali, "Baba, hizi risasi unaziona?"

"Naziona vizuri," akasema bila kusita.

"Zote?"

"Zote. Kwani wewe huzioni?"

"Naziona," nikasema.

Niliogopa. Nyumbani kulikuwa na hofu nyingine tayari: ofisini kwa Baba walikuwa wanapunguza watu, madereva wawili walikwisha kurudishwa makwao, na Mama alikuwa akiongea peke yake akipepeta mchele. Haukuwa wakati wa kuleta habari za kipofu mpya. Nikafanya ujanja. Mchezo ule haubadiliki. Maadui wale wale hutokea pale pale kila siku. Nikaukariri wote kwa masikio. Nilijua baada ya mlio gani wanakuja wawili kwa chini. Kioo kikaendelea kufifia hadi kikabaki kijivu kitupu, nami nimekikodolea macho, nasema juu, chini, juu, na Baba anabonyeza. Siku moja tulivuka mahali ambapo Baba alizoea kufia. Akanipiga begani, akasema nina macho ya mwewe. Nilikwenda kulia nyuma ya choo.

Kisha sauti nayo ikakatika, na Baba akanituma nikipeleke kwa fundi redio mjini. Yule mzee aliitikia shikamoo yangu bila kuinua kichwa, akakifungua, akasafisha kutu penye betri, na mlio ukarudi. Halafu akakigeuza juani.

"Sauti ipo, ila kioo kimekufa siku nyingi," akasema. "Mlikiacha ndani ya gari kwenye joto?"

Kweli, Baba alipenda kukiacha mbele kwenye dashibodi. "Lakini mtu mwenye macho mazima," nikamuuliza, "si anaona kidogo?"

"Aone nini, mjukuu wangu? Hapa hamna kitu cha kuonwa."

Nikachukua betri moja mezani pake, nikasoma vile viandishi vidogo vilivyozunguka tumbo lake, vyote, hadi vya mwisho. Nilitoka pale nakimbia. Nilikuwa mzima, na nilijiona mjinga, na ujinga wangu ulinifurahisha. Nilifika karibu na reli ndipo nikasimama ghafla. Baba aliniambia anaziona risasi vizuri. Zote.

Sikumwambia mtu. Nilijiambia labda alitaka kunipa moyo. Jumamosi iliyofuata alitumwa kupeleka mzigo kwenye chuo cha Hombolo, nikaomba kwenda naye ili nimwone Bibi. Nilikaa mbele, wala sikumwaza Bibi. Nilimtazama Baba tu. Aliendesha vizuri. Tulipoacha lami, alipunguza mwendo kabla ya kila korongo, akakwepa mashimo, na nikaanza kupumua. Halafu korongo moja lilikuwa limefukiwa, limesawazishwa, na Baba akapunguza mwendo vile vile, akashika breki kwa shimo ambalo halipo. Alikuwa ameikariri barabara.

Mbele yetu niliwaona mama mmoja na punda wawili wenye madumu ya maji, wamesimama katikati ya njia. Kamba ya punda mmoja ilikuwa imelegea na yule mama ameinama anaifunga. Baba hakupunguza mwendo. Alikuwa anaimba kidogo kidogo, wimbo wa kanisani. Nikasubiri aone. Nikajiambia ataona sasa hivi.

"Simama, Baba," nikasema, na sauti ikatoka ndogo. "Baba, simama."

Alikanyaga breki kwa nguvu zote, pikapu ikateleza kiubavu, injini ikazima. Vumbi lilipotulia, punda wa nyuma alikuwa hatua mbili kutoka kwenye bampa. Yule mama alitutazama kitambo, kisha akasema, "Mbukwenyi," kama adabu ya Kigogo inavyotaka, akawaswaga punda wake pembeni. Baba aliitikia salamu, uso kauelekeza mahali ambapo yule mama hakuwapo.

"Ilikuwa nini?" akaniuliza.

"Punda wawili na mtu."

Nikasema kwa haraka kabla sijaogopa zaidi. "Baba, kioo cha kigemu kilikufa siku nyingi. Fundi amesema hakuna ambaye angeona kitu."

"Na wewe ulikuwa ukiniambia juu, chini."

"Nilikariri. Nilidhani mimi ndiye ninayepofuka."

Mkono wake ulinitafuta, ukalipata shavu, kidole gumba kikatulia chini ya jicho langu. "Yako mazima?"

"Mazima."

"Ashukuriwe Mungu." Akaurudisha mkono wake. "Yangu yana vumbi ambalo halitui. Ni mwaka sasa. Wakijua ofisini, jina langu ndilo la kwanza." Akanyoosha mkono kuelekea ufunguo. "Twende polepole. Wewe utaniambia."

Kusema kweli nilitaka kukubali. Nilimpenda, na nilijua kazi ile ilikuwa na maana gani kwetu. Lakini nilikuwa bado naona mgongo wa yule mama alivyoinama. Baba alilazimika kuupapasa ufunguo, nami nikamtangulia. Niliuchomoa, nikaufumbata, nikaukalia mkono wangu. Sikuwahi kumkatalia Baba jambo lolote. Nilisubiri kofi.

Alifungua mlango wake akashuka. Alizunguka mbele ya gari akipapasa boneti kwa viganja, hatua kwa hatua, bila kunificha tena. Akafungua mlango wangu.

"Sogea," akasema.

Nikasogea kwenye usukani, yeye akakaa kwenye kiti cha utingo. Tukabaki pale kusubiri gari la chuo lipite, tumwombe dereva mwenzake aturudishe. Alikuwa amegeuza uso kwenye kioo cha mbele kana kwamba anatazama.

"Mbele kuna nini?" akauliza.

"Hakuna kitu, Baba. Barabara tu."

"Endelea kuniambia," akasema.