Jozi za Mwalimu Mboni

Kwa miaka kumi na moja Mwalimu Mboni wa Vihingo aligombana na maneno ya Kiingereza yanayokaribiana maana lakini yenye tabia mbalimbali. Aliyaita jozi. Sisi tukiazima jembe kwa jirani, au tukimwazima yeye la kwetu, neno ni hilo hilo na jembe linarudi. Mwingereza hataki hivyo: anayechukua ana borrow yake, anayetoa ana lend yake. Hope ni kutaka jambo hata kama dalili hakuna. Expect ni kuliona linakuja. Jozi zaidi ya mia mbili zilijaa kwenye kaunta buku lake, daftari nene la jalada gumu, naye alizifundisha sekondari ya kata kwa kujitolea, kwa sababu ajira ilimpita kila mwaka kama vile haimjui.

Mwaka huu kampuni moja ya mizigo kule Kwala ilitafuta karani wa barua za Kiingereza, umri usizidi miaka arobaini na mitano. Mboni alikuwa amebakiza siku tisa kutimiza arobaini na sita. Aliitwa kwenye usaili, Alhamisi saa nne asubuhi. Aliitwa pia Naila, mwanafunzi wake wa zamani, na Mboni, kwa roho yake ile isiyojua kubania, akamwazima kaunta buku ajisomee.

Alhamisi, baada ya sala ya alfajiri, Bi Mwanamkuu akafariki.

Bi Mwanamkuu ndiye aliyemuosha mama yake Mboni, na ndiye aliyemfundisha Mboni kuosha maiti. Alikwisha kusema mbele ya watu, "Mimi ataniosha Mboni." Mboni akaitikia. Ahadi ni deni, na kwa aliyekufa huendi kuomba msamaha.

Akapiga hesabu: akiosha saa moja asubuhi, Kwala atawahi. Lakini maiti haioshwi kabla sanda haijafika, na sanda alikuwa nayo Bilali, mtoto wa marehemu, akitokea Mlandizi, na pikipiki ikamharibikia njiani. Akafika saa tano. Mboni aliosha taratibu, bila kuruka hata tendo moja, machozi yakimtoka. Wenzake walidhani anamlilia marehemu tu.

"Riziki haivutwi kwa kamba, mwanangu," bibi mmoja alimwambia. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa na ekari zako za mihogo.

Akafika Kwala saa nane, khanga ikinukia karafuu maiti. Mlinzi alimtazama kwa huruma. "Pole mama. Wameshaondoka."

Wiki iliyofuata Naila alipiga simu. "Shikamoo mwalimu! Nimepata! Karibu kila walichouliza kilikuwemo kwenye daftari lako!"

"Marahaba mwanangu. Hongera sana," alisema Mboni. Alimfurahia kweli, na alimwonea wivu kweli, na hakujua aone aibu kwa lipi. Siku tisa zilikwisha bila tangazo lingine la kazi, na umri ukampita.

Jumatatu aliandika ubaoni hope na expect. Wa hope akatoa mfano wa mvua. Msichana wa dawati la mbele akanyoosha mkono.

"Mwalimu, na expect? Tupe mfano wako mwenyewe."

Mboni aliinua chaki. Akautafuta mfano, akaukosa.

"Tungeni wenyewe," alisema, akaugeukia ubao wasimwone uso.