Mama Awuor na Chesisi ya Lori la Kapseret

Mwaka wa 1967, mtu akiona mwanamke amelala chali chini ya lori pale Eldoret, alisimama. Wengine walidhani amegongwa. Tryphosa Adero alizoea kuona viatu vikijipanga kando ya gurudumu, kisha sura moja inainama kuchungulia, naye anasema bila kuacha kazi, "Mimi ni mzima. Songa kidogo, unanizibia mwanga."

Kazi hiyo ya kupaka magari rangi ilikuwa ya mumewe. Opiyo alikuja kutoka upande wa Kisumu kupaka rangi mabehewa ya reli, na baada ya uhuru akafungua kibanda chake nyuma ya gereji moja karibu na stesheni. Aliandika mabango ya maduka kwa herufi zilizosifiwa hadi mji wa Turbo. Tryphosa, ambaye majirani walimwita Mama Awuor kwa jina la binti yake, alimchanganyia rangi na kumpigia vyuma msasa. Halafu siku moja Opiyo akateleza kwenye ngazi akiandika jina la duka la nguo, akaumia mgongo. Kusimama aliweza, brashi aliishika, lakini kuingia chini ya gari, hapana.

Macharia aliwakuta katika hali hiyo. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha familia arobaini, wengi wao kutoka Murang'a, waliochanga wakanunua shamba la mzungu upande wa Kapseret. Mzungu alipoondoka aliwaachia ng'ombe wa maziwa, pamoja na lori lililokuwa likibeba ng'ombe hao kwenda mnadani.

"Baada ya miezi miwili tuna sherehe ya shamba," Macharia alisema. "Nataka lori ling'are. Juu mpake kijani, muandike jina la kikundi. Huko chini mpake hii."

Akatua makopo mawili ya rangi nyeusi, ile ya milango na madirisha.

Tryphosa akachukua bisibisi akaingia chini ya lori. Kwa miaka mingi mkojo wa ng'ombe ulikuwa umepenya kwenye mbao za sakafu, ukachanganyika na matope ya barabarani, ukawa unakula chuma. Alidunga chesisi, ile mifupa ya chuma inayobeba lori, kutu ikaanguka kama maganda ya mti. Lakini ndani yake chuma kilikuwa bado kinene. Kilikuwa hakijapotea.

"Mzee, hii rangi yako itabanduka mvua ya kwanza," alisema akitoka.

"Sasa tupake nini?"

Opiyo akajibu kabla yake. "Lami. Nimepaka lami chini ya mabehewa miaka kumi na moja."

"Behewa halijirushii mawe kama lori," Tryphosa alisema. "Na dizeli ikimwagikia lami, inaiyeyusha."

Opiyo hakupenda kusahihishwa mbele ya mteja. Akageuka akaanza kupanga makopo ambayo yalikuwa yamepangwa tayari. Tryphosa akaona, akasema kwa upole, "Basi tusibishane, Baba Awuor. Tuwaulize ng'ombe."

Alimwomba fundi wa kuchomelea amkatie vipande vitatu kutoka kwenye chuma cha lori bovu. Cha kwanza alikipaka rangi ya Macharia. Cha pili alikipaka lami, mikono miwili, yaani tabaka juu ya tabaka, vile Opiyo alivyotaka. Cha tatu alikisugua mpaka kikawa cheupe, akakipaka redoksaidi, ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu, halafu juu yake mikono miwili ya rangi nyeusi ngumu ya chesisi. Akavipeleka Kapseret kwa Waithira, mama aliyekamua ng'ombe wa kikundi. Wakavifunga kwa waya ndani ya mfereji wa boma, pale ambapo mkojo na samadi hupita.

Kila Jumapili baada ya kanisa, Tryphosa alienda huko. Alivimwagia dizeli kidogo kutoka kwenye chupa, akarudi nyuma hatua tatu, akavirushia kokoto kwa nguvu zake zote. Waithira alicheka hadi akaweka ndoo chini.

"Mama Awuor, hivi vyuma vimekukosea nini?"

Wiki ya tano akawaita Macharia na Opiyo bomani. Cha kwanza hakikuhitaji maelezo, rangi ilikuwa imejikunja kama karatasi iliyolowa. Cha pili kilikuwa cheusi na kizuri, na Opiyo akaanza kutabasamu. Tryphosa akakikwaruza kwa kisu pale jiwe lilipokuwa limegonga. Lami ikatoka kipande kizima. Chini yake kulikuwa na maji, na chini ya maji kutu mbichi.

Opiyo akachukua cha tatu. Akakwaruza kwa ukucha. Akaomba kisu, akakwaruza tena, akakigeuza upande wa pili.

"Mama Awuor," akasema mwishowe, "umenishinda. Mimi nilikuwa bado na kichwa cha reli."

Hakuna aliyewahi kumsikia Opiyo akisema hivyo kwa mtu yeyote. Tryphosa aliangalia ng'ombe, maana angemwangalia mumewe machozi yangemtoka.

Kazi yenyewe ilikuwa ngumu kuliko alivyodhani. Aliosha chesisi kwa maji ya moto yenye magadi, akasugua kwa brashi ya waya siku sita, kutu ikimwagikia kitambaa cha kichwa na kumwingia shingoni. Opiyo aliketi juu ya sanduku akimpitishia vifaa. Asubuhi Tryphosa hakugusa rangi hata kidogo, kwa sababu baridi ya Eldoret hufanya chuma kitoe jasho, na rangi ikikaa juu ya jasho haishiki. Alingoja hadi saa tano.

Macharia akaja Alhamisi, amevaa koti la mvua. "Mama, sherehe ni Jumamosi! Juu hamjagusa!"

"Rangi ya chini haijakauka, Mzee. Nikiongeza nyingine saa hii, nitaziharibu zote."

"Washa jiko."

"Jiko litakausha ngozi tu. Ndani itabaki mbichi."

"Watu watanicheka mimi, si wewe."

"Uamuzi ni wako. Lakini ukitaka iharibiwe, tafuta mtu mwingine wa kuiharibu."

Macharia akainua ukosi wa koti, mvua ikigonga mabati. Kisha akaenda zake bila kuaga.

Jumamosi lori lilienda Kapseret na mwili wake wa zamani uliopauka, jina la kikundi limeandikwa mlango mmoja tu. Watu walicheka kweli. Mwenyekiti wa kikundi jirani, aliyekuja na lori jipya lenye maua mbavuni, aliuliza kwa sauti kama hili limetoka kwa duka la vyuma vikuukuu.

Macharia alimtafuta Tryphosa kwa macho katikati ya akina mama. Halafu akavua kofia, akapiga magoti kwenye nyasi na suti yake ya sherehe. "Njoo uiname hapa," akamwambia mwenzake. "Lako jipya nitaliinamia baadaye."

Yule bwana akainama, akaona chesisi nyeusi tii isiyo na doa la kutu. Alipoinuka hakuwa akicheka. Akafuata mzee mwingine, na mwingine, mpaka kukawa na foleni ya wazee wenye bakora wakisubiri zamu ya kuchungulia chini ya lori. Kila aliyetoka, Macharia alimwonyesha mtu. "Yule mama pale. Ndiye aliyepaka." Tryphosa alisimama wima na kitambaa chake kipya, mikono bado ina madoa mekundu. Hakuificha.

Tangu siku hiyo kibanda kikajaa. Opiyo alikuwa akiwaambia wateja, "Herufi uliza mimi. Chini ya gari, ongea na Mama." Mwaka wa 1972 mkaguzi wa magari aligonga chesisi ya lori la Kapseret kwa nyundo yake, akauliza ilibadilishwa lini.

Miaka miwili baadaye tajiri mmoja wa mabasi kutoka Kitale alimletea wapakaji wake watatu, wanaume wazima, awafundishe. Siku ya kwanza walifika na brashi mpya mifukoni. Tryphosa akawanyang'anya zote, akawapa brashi za waya na karai la maji ya magadi, akawaonyesha basi.

"Rangi mtaiona wiki ijayo," akasema. "Ingieni chini."