Rili Mbili Juu ya Kaunta

Muuza vifaa vya uvuvi aliniuliza kama nimetumwa na mume wangu.

"Nimejituma mwenyewe," nikamwambia. "Nitolee zile rili mbili za bei ghali."

Mimi huvua kwenye mawe ya Likoni kila Jumamosi, na kigurudumu changu cha kukunjia mshipi kilikuwa kimekufa. Akanisifia ile ya rangi ya fedha, kwamba ni nyepesi na wageni huipenda. Nikaikaza breki, nikavuta mshipi, ukateleza. Ile nyeusi ilikuwa nzito, lakini breki yake ilishika.

"Hiyo itakuchosha mkono, mama."

"Mkono ni wangu," nikajibu, nikaichukua.

Jumamosi ile nilimtoa kolekole mkubwa. Mkono uliniuma siku tatu, na wallahi, wiki iliyofuata nilirudi kwenye mawe yaleyale.