Mbwa Aliyefundishwa Kungoja Mtu Aonje

Hapa Goma mtu hanywi kitu ambacho mwenye kukitoa hajakionja. Ukifika kwa watu, soda inafunguliwa mbele ya macho yako, mwenyeji anapiga funda moja, ndipo anakupa. Hakuna anayekasirika. Karuho, ile sumu ya polepole, kila familia ina mtu wake inayemshuku nayo, na mimi nililelewa na mama ambaye hata kwenye harusi ya dada yake mwenyewe alinusa sahani kabla ya kunawa. Kwa hiyo msinicheke kwa jinsi nilivyomlea mbwa wangu.

Kaka yangu alimleta kutoka Butembo ndani ya katoni, baada ya wezi kukata dirisha langu na kubeba hata sufuria iliyokuwa na maharage ndani. Alikuwa wa aina ya wale mbwa wakubwa wa polisi, masikio bado yamelala, miguu mizito kama ya mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. "Huyu akikua," kaka akasema, "wezi watapita njia nyingine." Sawa, lakini nani wa kumlea mpaka akue? Ninaishi peke yangu mtaa wa Murara, na kazi yangu ni kupitisha mizigo ya watu mpakani: asubuhi lori, mchana lori, simu inalia mpaka sikio linawaka moto. Nilikuwa nakimbia nyumbani mchana juu ya pikipiki, namchanganyia ugali wa fufu na sambaza, vile visamaki vya ziwani, nafagia mavi, naokota kandambili iliyotafunwa, kisha narudi kazini nikinuka mbwa. Wateja walinisalimia kwa adabu, wakiwa wamesimama mbali.

Kilichoninyima usingizi si mavi, ni sumu. Kila mtu anajua wezi wanavyoanza: leo mbwa anatupiwa kipande cha nyama, kesho mwenye nyumba analia. Basi nikamfundisha desturi yetu. Nikimpa chakula, kwanza naonja mimi, natafuna akiniona, nameza, ndipo namwambia, "Kula." Akikimbilia sahani kabla, naiondoa. Alishika haraka kuliko watu wengi ninaofanya nao kazi. Ikafika mahali ukimwekea nyama puani bila kuionja, anageuza uso kama bibi harusi. Wee, nilivyojivuna!

Sasa jirani. Nyuma ya ukuta wangu wa mawe ya volkano alikuwa amepanga muzee mmoja aliyekimbia vita kutoka vilima vya Masisi. Mrefu, mkimya, koti lile lile mvua na jua. Alikuwa anaegemea ukuta na kumtazama mbwa wangu, hasemi kitu, anatazama tu. Mtu mwenye nia njema anamtazamia nini mbwa wa mwenzake kiasi hicho? Halafu maswali. "Mama, leo utarudi saa ngapi?" Eee! Hilo ni swali la jirani au la mwizi? Nilimjibu, "Sijui, papa, pengine sasa hivi," na huku najua nitarudi jioni.

Siku moja nikakuta mfupa kando ya ukuta, mfupa ambao sikuununua mimi. Mbwa hakuugusa, ulikuwa umejaa sisimizi. Niliushika kwa mfuko wa plastiki, nikautupa chooni, nikaenda ukutani.

"Papa, ule mufupa ulikuwa wa nani?"

"Ni miye nilitupa, mama. Niliona mutoto anabakiaka peke yake."

"Mbwa yangu hatakula vitu vya watu."

"Niliona," akasema. "Anangojaka."

Anangojaka! Neno hilo nililala nalo. Kumbe alikuwa ananichunguza hata nikimlisha. Kesho yake nilinunua kufuli kubwa zaidi la lango, na tangu hapo nikawa namlisha ndani, mlango umefungwa.

Kisha ikaja asubuhi niliyovuka kwenda Gisenyi, upande wa Rwanda, kufuatilia lori la mteja. Nilijiambia narudi mchana. Nikiwa huko, mpaka ukafungwa. Anayekaa Goma anajua: mpaka ukifungwa huulizi hadi lini, unatafuta pa kulala. Milio ya bunduki kutoka upande wetu ilisikika, na simu za Goma zote zilikuwa kimya. Wanawake niliolala nao chumba kimoja walilia watoto wao. Mimi niliona aibu kusema ninamlilia mbwa, lakini nililia. Maji alikuwa nayo kwenye beseni. Chakula, je? Hata malaika angeshuka na nyama mkononi, mbwa wangu angegeuza uso. Nilimlinda na sumu ya dunia nzima, na sasa njaa ingemuua kwa sababu yangu. Siku zikapita, na kila nikiletewa sahani, nilimsukumia mwenzangu nusu.

Walipofungua mpaka nilirukia pikipiki ya kwanza. Kufuli la lango lilikuwa mahali pake. Nikafungua, kimya. Hakuna aliyebweka. Ndipo nikauona ukuta: mawe ya juu yametolewa, limebaki pengo la kupita mtu mzima. Mungu wangu! Nikajua yote papo hapo. Mfupa, maswali, kile kuchungulia kila siku. Muzee alikuwa anangoja tu niondoke. Niliokota jiwe moja, zito, nikazunguka nyumba polepole.

Alikuwa amekaa juu ya bidoni yangu ya maji, sahani magotini, na mbwa amekaa wima mbele yake. Mbwa alinisikia, mkia ukapiga chini, lakini macho hakuyatoa kwenye ile sahani. Muzee akamega tonge la fufu, akalitia mdomoni, akatafuna, akameza, kisha akapanua mdomo wazi kabisa kama mtoto mbele ya daktari.

"Ona, nimekula. Sasa kula."

Mbwa akala. Akamega tena, akala yeye, akamega, akampa. Ilikuwa sahani ya mtu mmoja, isiyo na mboga ya maana. Mbavu za mbwa zilionekana kidogo. Mifupa ya mashavu ya muzee ilionekana zaidi.

Jiwe likanitoka mkononi. Akashtuka, akasimama.

"Mama, unisamehe juu ya ukuta. Nilimutupia chakula, akakataa. Kesho yake akakataa tena, akalala tu chini. Ndipo nikakumbuka vile unafanyaka. Nitarudisha mawe."

"Na weye, papa? Ulikuwa unakula nini?"

"Si tunakula pamoja?" akasema, akinishangaa. Kisha akashusha sauti. "Nilikuwaka na ng'ombe. Vita ilinikuta niko mbali nao. Siwezi kusikia munyama analia nyuma ya ukuta, na miye nikae tu."

Sikuwa nimetia kitu tumboni tangu jana yake, na nadhani ilionekana, maana alimega tonge lililobaki, akalipeleka mdomoni kwake ili alionje kwanza ndipo anipe, kama mtu yeyote wa hapa. Nikamshika mkono kabla haujafika. Nikalichukua lile tonge vile vile, halijaonjwa, nikalitia mdomoni.

Mbwa akaacha kutikisa mkia. Akakaa wima, akanikodolea macho, akingoja nianguke.